Samaki Mgonjwa Hana Likizo

Kila ifikapo mwezi wa Juni, na tena mwezi wa Desemba, mji wa Makambako hufurika wasafiri. Hapo ndipo barabara ya Njombe na Songea inapochepuka kutoka barabara kuu ya Dar es Salaam na Tunduma, na hapo ndipo inapopita reli ya TAZARA iliyokabidhiwa kwa Tanzania na Zambia mwaka 1976. Walimu, wauguzi, makarani na wafanyabiashara hukutana hapo wakisubiri magari, kila mmoja na mzigo wake, wakienda kuwajulia hali wazee na ndugu zao. Safari hizo ni haki yao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 mfululizo katika mzunguko wa mwaka, wala hakuna mwenye busara atakayebisha kwamba mtu aliyepumzika hufanya kazi kwa ufanisi zaidi kuliko aliyechoka.

Neno tunalotaka kulisema leo linawahusu wale wanaoachwa nyuma ambao hawana ulimi wa kujieleza. Mbuzi akiumwa hulia. Ng'ombe akibanwa na njaa hubomoa uzio. Kuku humfuata mwenye nyumba mpaka mlangoni mwa jiko. Lakini samaki huugua kimya na hufa kimya, na aghalabu aliyeachiwa kumtunza hutambua kwamba kuna ugonjwa siku ile anapomkuta akielea tumbo likiwa juu.

Katika Mkoa wetu wa Njombe wapo wafugaji wa samaki wa namna mbili. Wa kwanza, nao ndio wengi, ni wale wenye mabwawa mabondeni, kandokando ya vinyungu vya mahindi na mboga, wanaofuga perege na kambare kwa ajili ya kitoweo na biashara. Wa pili ni wale waliopata uwezo wa kuweka matangi ya vioo sebuleni, katika nyumba za wageni au katika vyumba vya kusubiria huduma, wakafuga samaki wadogo wenye rangi za kupendeza.

Wapo wanaodhani kuwa samaki wa kwenye kioo ni anasa ya kigeni isiyotuhusu. Hilo si kweli. Samaki waitwao mbuna, ambao wapenzi wa samaki wa Ulaya na Marekani huwafuga majumbani mwao kwa gharama kubwa, asili yao ni Ziwa Nyasa, na sehemu ya mwambao wa ziwa hilo imo ndani ya Wilaya ya Ludewa katika Mkoa huu huu. Kwa hiyo anayewaweka samaki hao sebuleni mjini Njombe hakuiga jambo la mbali. Amemchukua jirani yake wa bondeni akampandisha mlimani.

Tatizo linaanzia hapo hapo kwenye kumpandisha. Uso wa Ziwa Nyasa uko kiasi cha mita 475 juu ya usawa wa bahari, na maji yake ya juu huwa na joto la nyuzi 23 hadi 28 za Sentigredi. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000, na usiku wa Juni na Julai baridi hushuka chini ya nyuzi 10. Samaki hana joto lake mwenyewe kama alivyo mwanadamu; joto la maji ndilo joto la mwili wake. Maji yakipoa, moyo wake hupiga polepole, tumbo lake husaga chakula polepole, na kinga yake dhidi ya maradhi hulegea. Perege naye hali yake ni hiyo hiyo: maji yakishuka kuelekea nyuzi 16 karibu aache kula kabisa, na yakishuka chini ya nyuzi 12 uhai wake umo hatarini. Maana yake ni kwamba likizo ya katikati ya mwaka, ambayo wengi wetu huitumia kusafiri, huangukia majira yale yale ambayo samaki wa nyanda hizi huugua kwa urahisi.

Historia nayo ina la kutufundisha. Ufugaji wa samaki katika mabwawa ulianza nchini mwaka 1949 kwa majaribio ya perege huko Korogwe, mkoani Tanga, na Malya, mkoani Mwanza. Mwaka 1967 Serikali iliendesha kampeni ya Taifa ya kuchimba mabwawa, na ilipofika mwaka 1968 mabwawa yalikadiriwa kufikia 8,000. Wananchi hawakukosa bidii ya kushika jembe. Hata hivyo mengi ya mabwawa hayo hayakudumu, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni uangalizi usiofaa. Hesabu za miaka ya baadaye, Njombe ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Iringa kabla ya kugawanywa mwaka 2012, ziliutaja Mkoa wa Iringa kuwa na mabwawa 3,137. Idadi hiyo ni ya kujivunia. Lakini bwawa huchimbwa kwa majuma machache na huangaliwa kwa miaka, na katika miaka hiyo zimo siku ambazo mwenyewe hayupo. Bwawa lililokosa mwangalizi hugeuka kuwa shimo la mbu.

Sasa tufikiri pamoja, ndugu msomaji. Mtumishi anapokwenda likizo hafungi mlango wa ofisi akaondoka na ufunguo mfukoni. Huandika hati ya makabidhiano: majalada yaliyo wazi ni haya, fedha iliyomo ni hii, barua zinazosubiri majibu ni hizi, na atakayekaimu ni fulani. Utaratibu huu tunaujua na tunauheshimu. Lakini mtumishi huyo huyo akifika nyumbani, akiwa na samaki wanne wenye vidoadoa vyeupe mapezini na dawa aliyoianza juzi, humwita mtoto wa darasa la tano na kumwambia, "Mwanangu, utawaangalia samaki." Kisha hupanda basi.

Atawaangalia nini? Kuangalia hakujawa kazi mpaka mtu aambiwe ataangalia kitu gani, saa ngapi, na akiona jambo afanye nini. Mtoto huyu anampenda baba yake na anataka kumridhisha. Jambo pekee analolijua kuhusu samaki ni kwamba wanakula, basi huwalisha. Akiona hawali, kwa sababu wagonjwa hawana hamu ya kula, huongeza chakula akidhani ndiyo huruma. Hapo ndipo mauti yanapoingia.

Inafaa tueleze jinsi yanavyoingia, maana asiyeijua sababu hawezi kulishika katazo. Chakula kisicholiwa huzama na kuoza. Uozo huo huzalisha amonia, juu ya ile ambayo samaki wenyewe huitoa kwa kupumua kupitia mashavu yao. Amonia ni sumu inayounguza mashavu hayo hayo. Katika tangi lililokwisha kukomaa, ndani ya chujio la maji huishi bakteria wema ambao huigeuza sumu hiyo hatua kwa hatua mpaka ikawa kitu kisicho na madhara makubwa. Lakini bakteria hao wanahitaji oksijeni: umeme ukikatika kwa saa nyingi na pampu ikasimama, huanza kufa. Wanahitaji pia kutosumbuliwa: chujio likioshwa kwa maji ya bomba yenye klorini, hufa. Na baadhi ya dawa zinazotiwa ndani ya maji kuua maradhi huwaua na wao. Kwa hiyo tangi lenye mgonjwa aliye katika tiba ndilo tangi lenye ulinzi hafifu kuliko yote, na ndilo tunalomwachia mtoto bila neno la ziada.

Agizo la kwanza la mwenye kusafiri, basi, liwe ni la kuzuia mkono. Samaki mzima mwenye afya anaweza kukaa juma moja, hata zaidi, bila chakula na asidhurike. Anayesafiri kwa siku tatu au nne hana sababu ya kuwaachia watu wengine kazi ya kulisha. Anayekwenda kwa siku 28 na agawe chakula katika vifurushi vidogo vya karatasi, kila kimoja cha siku moja, aandike tarehe juu yake, na mkebe uliobaki aufungie kabatini. Kifurushi kisichoisha ndani ya dakika chache kisirudiwe siku hiyo. Mwenye bwawa naye apime pumba kwa kopo linalojulikana, na aagize kwamba asubuhi ya baridi, samaki wasipopanda kula, kopo lirudi ghalani likiwa limejaa.

Agizo la pili lihusu ugonjwa wenyewe, na hapa tutazame maradhi mawili yanayojulikana sana. La kwanza ni lile la vidoadoa vyeupe mfano wa punje za chumvi. Kimelea kinachouleta hukaa ndani ya ngozi ya samaki, ambako dawa haikifikii. Kikikomaa hudondoka chini, hujigawa kuwa vidogo vingi, na hivyo vichanga huogelea kumtafuta samaki mwingine. Ni katika hatua hiyo ya kuogelea tu ndipo dawa inapoviua. Katika maji yenye nyuzi 25 mzunguko huu huchukua kiasi cha juma moja au pungufu. Katika maji ya nyuzi 15 huweza kuchukua majuma mawili au zaidi. Ndiyo kusema tiba ambayo mwambao ingekwisha kwa siku chache, hapa Njombe katika tangi lisilo na hita itaendelea kwa muda wote wa likizo. Mlezi akiona madoa yametoweka siku ya tano akadhani kazi imekwisha, ugonjwa utarudi kwa nguvu mpya. Na aandikiwe wazi: "Madoa yakipotea, endelea mpaka tarehe fulani."

La pili ni ukungu ulio kama pamba, unaoota juu ya jeraha. Huwapata hasa samaki waliokwaruzwa kwa wavu au kushikwashikwa wakati wa baridi. Kwa maradhi haya mawili, chumvi ya kawaida ni msaada wa gharama ndogo. Gramu 1 hadi 3 kwa kila lita ya maji, ikiyeyushwa kwanza pembeni na kutiwa kidogo kidogo kwa muda wa siku moja au mbili, perege na mbuna huistahimili. Kambare asiye na magamba apewe kiasi cha chini. Lakini lipo kosa linalorudiwa mara kwa mara. Maji ya tangi yakipungua kwa mvuke, chumvi haiondoki nayo, hubaki. Mlezi anayeongeza maji pamoja na chumvi kila siku huwa anawatengenezea samaki bahari. Maji yaliyopungua kwa mvuke yajazwe kwa maji matupu, yaliyokaa ndooni siku nzima ndani ya nyumba ili klorini itoke na ubaridi wa bomba upungue. Chumvi huongezwa tu pale maji yanapochotwa na kubadilishwa, nayo kwa kadiri ya maji yaliyochotwa.

Juu ya vidonge vya binadamu vya kuua vijidudu, ambavyo baadhi ya watu huvifungua na kuvimimina majini, tunasema waziwazi kwamba jambo hilo liachwe. Havimwui kimelea wa madoa, huwadhuru bakteria wa kwenye chujio, hujenga usugu wa maradhi, na katika bwawa la kitoweo huacha mabaki ndani ya nyama ambayo familia itaila. Maafisa Uvuvi wako katika halmashauri zetu kwa ajili ya maswali kama haya. Namba ya simu ya Afisa huyo na iandikwe kwenye karatasi ya makabidhiano kabla ya safari, isitafutwe siku ya msiba.

Mwenye bwawa ana hatari yake nyingine, nayo huja alfajiri. Mchana mimea midogo ya kijani iliyomo majini hutoa oksijeni; usiku haitoi, bali huitumia pamoja na samaki. Kwa hiyo oksijeni huwa chache kuliko wakati wowote kabla tu ya jua kuchomoza. Mlezi anayefika bwawani saa nne, jua likiwa limepanda, ataona samaki wametulia na atatoa taarifa njema. Anayefika saa kumi na mbili asubuhi ndiye atakayewaona wakitwetea midomo ikiwa juu ya maji. Samaki wenye mashavu yaliyougua huwa wa kwanza kupanda hivyo, na hapo juu huwa chakula cha mdiria na korongo. Dawa yake si kidonge. Mlezi afungulie maji mapya kutoka mferejini, asitie mbolea wala pumba siku hiyo, na aondoe mizoga yote akaizike mbali na maji, asiwatupie samaki wengine wala mbwa.

Yapo pia mambo ambayo mwenye kusafiri anapaswa kuyatenda mwenyewe kabla hajaondoka. Asiingize samaki wapya katika majuma matatu ya mwisho, kwa kuwa mgeni asiyetengwa ndiye mleta maradhi mkubwa. Asianze dawa mpya mkesha wa safari. Dawa ianze mapema, naye mwenyewe ashuhudie siku za mwanzo jinsi mgonjwa anavyoipokea. Mwenye bwawa avue mapema perege waliofikia kimo cha mezani, ambao ni wazima na hawakutiwa dawa, ili bwawa lipungue msongamano na nyumba ipate fedha. Na mwenye tangi amweleze mlezi, kwa kumwonyesha kwa mikono, afanye nini umeme ukikatika: kulifunika tangi kwa blanketi pande zote ili joto lisitoroke upesi, na kuchota maji ya humo humo kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu kila baada ya muda ili yapate hewa. Mlezi aliyelifanya jambo mara mbili mbele ya mwenyewe halisahau. Aliyeambiwa tu mlangoni, gari likipiga honi, hulisahau kabla vumbi halijatulia.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi moja inatosha. Iandikwe idadi ya samaki na wangapi ni wagonjwa, ugonjwa unavyoonekana na siku ulipoanza, dawa, kipimo na tarehe za kuitia, mambo yasiyoruhusiwa, na nafasi tupu ya kila siku ambapo mlezi ataandika alichokiona. Mstari mmoja kwa siku haumchoshi mtu, na mwenyewe akirudi atajua ugonjwa uligeuka lini, badala ya kuambiwa tu kwamba "walikufa".

Lakini karatasi peke yake haitoshi ikiwa aliyeachiwa hakupewa madaraka. Wapo wanaowaachia majirani kazi na kuwanyima uamuzi. Jirani huona bwawa linachafuka, lakini haruhusiwi kufungulia maji. Huona chumvi imekwisha, lakini hakuachiwa hata shilingi ya kununulia. Humpigia mwenye mali simu, na simu haipatikani kwa kuwa yuko safarini. Mlezi wa namna hiyo ni shahidi wa msiba tu. Aachiwe fedha kidogo inayojulikana kiasi chake, na aambiwe bila kuficha: samaki akishindwa kabisa kuogelea, una ruhusa ya kumtoa ili asiwaambukize wenzake; hutaulizwa kwa nini.

Jambo hili la kuulizwa ndilo lenye uzito kuliko thamani ya samaki wenyewe. Tumeona, na wasomaji wetu wameona, ujirani wa miaka mingi ukiingia ufa kwa sababu ya bwawa lililokufa likizoni. Tumeona mtoto akichapwa kwa kosa la kulisha kupita kiasi, ilhali hakuna aliyemwambia kiasi ni kipi. Anayelaumiwa hivyo hujifunza somo baya: kwamba kupokea amana ya mtu ni kujitafutia shari. Safari ijayo, jirani huyo atasema ana kazi shambani, na mtoto huyo atakua akiyachukia mabwawa. Mkoa unaohitaji wafugaji wengi zaidi utakuwa umewapoteza wawili bila hata mmoja wao kutenda kosa.

Tunawahimiza, kwa hiyo, wote wenye mabwawa na matangi wanaojiandaa kwa safari, waitazame kazi hii kama wanavyoitazama ofisi. Kukabidhi ni wajibu wa anayeondoka, si wa anayebaki. Mlezi aliyeonyeshwa, akaandikiwa na akapewa uwezo, huyo ana dhima, na akizembea ni haki kumwuliza. Ama yule aliyeambiwa "utawaangalia" na kuachwa na mkebe wa chakula mkononi, huyo hakukabidhiwa kitu. Asiulizwe.